Nambari 24 inayomnyima usingizi Kiongozi wa Wengi Seneti

KENGELE ya Seneti hulia kwa dakika kumi. Kwa miaka ambayo nimekuwa nikiripoti kutoka roshani ya wanahabari, nimejifunza kwamba kengele hiyo ikianza kulia sina haja ya kumtazama Spika wala saa ya ukutani. Namtazama mtu mmoja anayeketi kiti cha mbele, upande wa kulia wa Spika. Wenzake hupiga gumzo, wengine huchungulia simu zao, wengine hutoka nje na wasirudi. Yeye huhesabu vichwa. Huanza safu ya mbele, humalizia ya nyuma, kisha hugeukia mlango na kuanza upya.

Huyo ndiye Kiongozi wa Wengi katika Seneti. Wananchi wengi wanamjua kwa sauti yake kwenye runinga, akitetea serikali au akijibizana na upinzani. Hiyo ni pilipili tu. Wali wenyewe ni kazi ya kila siku isiyofuatwa na kamera: nini kijadiliwe leo, kipi kisubiri wiki ijayo, nani azungumze kwanza, na zaidi ya yote, kura ikiitishwa, watu watatoka wapi.

Tangu Seneti irejeshwe mwaka wa 2013, wadhifa huo umeshikiliwa na Prof Kithure Kindiki wa Tharaka Nithi, Bw Kipchumba Murkomen wa Elgeyo Marakwet, Bw Samuel Poghisio wa Pokot Magharibi na Bw Aaron Cheruiyot wa Kericho, aliyeupata Septemba 2022. Kila mmoja alikuwa na tabia yake na mdomo wake. Lakini kengele ikilia, wote hufanana.

Nikitafuta mfano wa kumweleza mtu ambaye hajawahi kukanyaga bunge, namwambia afikirie mwenyekiti wa kamati ya harusi. Mwenyekiti anapanga, anabembeleza, anapiga simu usiku, anapatanisha mashemeji waliokosana. Siku ikifika wageni wasipotokea, hakuna atakayelaumu wageni.

Juma la kazi linaendaje? Kamati ya Shughuli za Seneti, ambayo mwenyekiti wake ni Spika, hukutana na kupanga yatakayojadiliwa. Hapo Kiongozi wa Wengi huketi na Kiongozi wa Wachache na viranja wa pande zote mbili. Kuna miswada ya serikali, miswada ya maseneta binafsi, hoja, malalamishi ya wananchi, ripoti za kamati. Kila seneta anaamini mswada wake ndio utakaoikomboa Kenya, na kila mmoja ataka usomwe Jumanne. Vikao ni Jumanne alasiri, Jumatano na Alhamisi alasiri, kuanzia saa nane na nusu hadi saa kumi na mbili na nusu. Tangu 2023 mawaziri nao hufika mbele ya Seneti kujibu maswali, na hapo pia kuna kazi ya kuhakikisha kwamba waziri aliyeitwa ametokea. Asipotokea, maseneta hawamgeukii waziri ambaye hayupo. Wanamgeukia kiongozi aliyepo.

Alhamisi ndiyo siku ninayoipenda mimi, ingawa wenzangu wengi katika taaluma huona haina habari. Siku hiyo Kiongozi wa Wengi husimama kutoa taarifa ya shughuli za juma lijalo. Husoma kama mwenye duka anayehesabu mali iliyobaki kwenye rafu: miswada kadhaa inayosubiri kusomwa mara ya pili, mingine iliyokwama katika hatua ya Kamati ya Seneti Nzima, hoja ambazo mjadala wake umeisha ila hazijapigiwa kura. Halafu huja ombi ambalo wasomaji wa Hansardi wanalijua kwa moyo. Anawasihi maseneta wawe ukumbini wakati wa kupiga kura.

Ombi hilo linatokana na nambari moja, 24.

Seneti ina wanachama 67 bila kumhesabu Spika. Wa kuchaguliwa ni 47, mmoja kwa kila kaunti. Kisha kuna wanawake 16 walioteuliwa na vyama, vijana wawili, na wawili wanaowakilisha watu wenye ulemavu. Ili kikao kiendelee wanahitajika 15 tu, idadi ambayo hata kundi la chama huweza kuifikisha. Ugumu huja pale jambo linalohusu kaunti linapofika mwisho wake. Kifungu cha 123 cha Katiba kinasema kila ujumbe wa kaunti una kura moja, na kura hiyo hupigwa na kiongozi wa ujumbe, yaani seneta aliyechaguliwa, au mwenzake aliyemteua endapo hayupo. Jambo halipiti mpaka liungwe mkono na wengi wa wajumbe wote wa kaunti, si wengi wa waliofika siku hiyo. Wengi wa 47 ni 24.

Hesabu hiyo ina ukatili wake. Ukumbi unaweza kuwa na maseneta 40, nusu yao wakiwa wateule, na bado mswada usipite. Kaunti 23 zikisema ndiyo na hata moja isiseme la, mswada umeanguka. Seneta aliyelala nyumbani kwake amepiga kura ya kupinga bila kujua, au kwa kujua. Ndiyo sababu mara nyingi sana mjadala huisha, hakuna aliyesalia na neno, lakini Spika haulizi swali. Kiongozi wa Wengi au mwenye mswada huomba kura iahirishwe, na mswada unarudi kwenye rafu.

Msomaji atauliza wako wapi hao maseneta. Kwa haki yao niseme kwamba si wote wako hotelini. Wengine wako katika vikao vya kamati vilivyowekwa saa ileile, wengine wanazika, wengine wako kwao kukagua zahanati. Na Alhamisi alasiri ndege za kwenda Kisumu, Mombasa na Eldoret hazimsubiri mtu. Kiranja atapiga simu mpaka betri iishe. Hana pingu za kumfunga seneta kitini.

MIEZI YA KIANGAZI, 2020

Niliielewa nambari hiyo kwa uchungu mwaka wa 2020, na si kwa sababu ya kazi yangu.

Nina binamu yangu, muuguzi katika hospitali ya kaunti fulani ambayo sitaitaja, kwa kuwa bado anafanya kazi huko. Mwaka huo wa corona alikuwa akivaa barakoa moja siku mbili. Mwaka wa fedha ulianza Julai 1, lakini kaunti hazikuwa na sheria ya kugawa pesa, kwa kuwa Seneti ilikuwa haijakubaliana kuhusu mfumo wa tatu wa ugavi wa mapato. Fedha zenyewe, Sh316.5 bilioni, zilikuwa zinajulikana. Kilichokosekana ni makubaliano kuhusu kila kaunti ipate kiasi gani.

Kuna waliotaka idadi ya watu ipewe uzito mkubwa zaidi. Wao ndio waliokuwa na wimbo wa mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Kwa mfumo huo kaunti zenye watu wengi kama vile Kiambu, Nakuru na Nairobi zingeongezewa. Kaunti kubwa zenye watu wachache, kama vile Wajir, Mandera na Marsabit, pamoja na kaunti kadhaa za Pwani, zingepunguziwa. Wa upande huo wa pili walijiita Team Kenya.

Kwa kawaida Kiongozi wa Wengi huhesabu kura zake kwa chama. Mwaka huo chama kilikosa maana. Bw Poghisio alikuwa na miezi miwili tu kitini. Kiongozi wa Wachache, Bw James Orengo, alikuwa wa chama ambacho tangu handisheki ya Machi 2018 kilikuwa kikisikilizana na serikali. Kwa maandishi, viongozi hao wawili walikuwa na kura za kutosha na kusaza. Kwenye ukumbi, kila seneta alikuwa chama chake mwenyewe, kwa sababu hakuna seneta awezaye kurudi Mandera au Kwale akawaambia watu kwamba ameunga mkono kupunguziwa kwao. Kikao kiliitishwa, kikaahirishwa, kikaitishwa tena. Niliandika habari ileile mara nyingi hivi kwamba mhariri aliniuliza kama nimekosea kutuma ya juma lililopita.

Kila jioni ya kura binamu yangu alinipigia simu. "Kaka, mmepiga?" Kwake yeye nilikuwa sehemu ya Seneti, maana nilikuwa jengo lilelile. Nilimweleza kuhusu wajumbe 24 na kifungu cha 123. Alinisikiliza kwa adabu, halafu akaniambia mwenye duka amefunga daftari lake la deni, na chama cha akiba na mikopo kimemwandikia mdhamini wake barua. Alikuwa akitembea kwa miguu kwenda zamu ya usiku ili nauli inunue unga. Mwanamke huyu hakuwa akiomba. Alitaka kujua tu ni jambo gani lililokuwa gumu hivyo.

Agosti 17, siku ya Jumatatu, maseneta waliitwa tena kupiga kura. Asubuhi hiyo polisi waliwakamata maseneta watatu waliokuwa wakipinga mfumo uliopendekezwa: Bw Cleophas Malala wa Kakamega, Dkt Christopher Langat wa Bomet na Bw Steve Lelegwe wa Samburu. Kukamatwa kwao kulifanya kikao kigeuke. Hata waliokuwa wakiunga mkono mfumo huo walisimama kulalamika, kwani leo ni huyu na kesho ni wewe. Shughuli ya siku ilitupwa kando na ikaundwa kamati ya watu 12, chini ya Bw Johnson Sakaja na Bw Moses Wetang'ula, itafute njia ya kutokea.

Huwa najiuliza kama yeyote aliyeamuru kukamatwa huko aliwahi kukaa na kuhesabu. Ukiwaondoa maseneta watatu hupati kura zaidi. Nambari inayohitajika inabaki 24. Kiongozi yeyote aliyewahi kusimamia shughuli za Seneti kwa juma moja angewaambia hivyo bure.

Muafaka ulipatikana Alhamisi, Septemba 17, siku ambayo magavana walikuwa wametishia kufunga shughuli za kaunti. Dawa haikuwa hotuba. Serikali iliahidi kuongeza fedha mwaka uliofuata hadi Sh370 bilioni, na mfumo mpya ukasubiri hadi wakati huo ili pasiwepo kaunti inayopoteza hata senti. Mtu akitaka kucheka anaweza kusema kwamba walikubaliana kuacha kugombania keki kwa kuoka kubwa zaidi. Mimi sikucheka. Kati ya Julai 1 na siku hiyo ni siku 79, na binamu yangu alikuwa amezihesabu zote.

KITI KISICHO NA MIZIZI

Jambo jingine ambalo watu hawalijui ni kwamba kiti hiki ni chepesi mno. Kifungu cha 108 cha Katiba kinataja kiongozi wa chama cha wengi na wa chama cha wachache, na wengi hudhani kinawahusu wa mabunge yote mawili. Kisome vizuri. Kinazungumzia Bunge la Kitaifa pekee. Yule wa Seneti anasimama juu ya Kanuni za Kudumu na imani ya wenzake wa chama, na imani ya wanasiasa wetu tunaijua.

Bw Murkomen aliijua Mei 11, 2020. Maseneta wa Jubilee waliitwa Ikulu, na mkutano ulipoisha hakuwa Kiongozi wa Wengi tena. Kiranja wake, Bi Susan Kihika, aliondolewa pamoja naye. Siku 11 baadaye ilikuwa zamu ya Prof Kindiki, aliyekuwa wakati huo Naibu Spika. Maseneta 54 walipiga kura aondoke, saba wakataka abaki. Mtu ambaye alikuwa Kiongozi wa Wengi wa kwanza wa Seneti hii, ambaye miaka minne yote alikuwa akihesabu kura za wengine, alikaa akahesabiwa zake.

Siasa haina adabu ya kumaliza hadithi mahali pazuri. Oktoba 17, 2024, Seneti ileile iliketi hadi usiku ikisikiliza mashtaka 11 dhidi ya Naibu Rais Rigathi Gachagua. Wakili wake alieleza kwamba mteja wake amelazwa hospitalini, maseneta wakakataa kuahirisha kikao hadi Jumamosi, na wakathibitisha mashtaka matano. Hapo kura haikuwa ya kaunti. Kila seneta alipiga yake, na zilihitajika thuluthi mbili za wote 67. Aliyeapishwa kujaza nafasi hiyo Novemba 1 alikuwa Prof Kindiki.

Wamarekani nao, ambao Seneti yetu imewaiga mambo mengi, hawana mtu huyu katika katiba yao. Kiongozi wao wa Wengi alizaliwa na mazoea mwanzoni mwa karne ya 20. Nguvu yake kubwa inatokana na desturi iliyoimarika mwaka wa 1937, kwamba maseneta kadhaa wakisimama pamoja, yeye ndiye anayepewa nafasi ya kwanza kuzungumza. Kwa nafasi hiyo ndogo ameweza kupanga ratiba ya taifa zima. Hata hivyo, naye analia kilio cha huku kwetu: ili kufunga mjadala wa mswada anahitaji kura 60 kati ya 100, na mara nyingi ana hamsini na kidogo. Mike Mansfield aliikalia kazi hiyo miaka 16, kuanzia 1961 hadi 1977. Kwetu hakuna aliyefika hata sita kabla ya 2022.

Sisi wenyewe tuliwahi kuwa na Seneti kabla ya hii. Ile ya 1963 ilikuwa na viti 41 na Spika wake alikuwa Timothy Chokwe. Haikufika mbali, mwaka wa 1966 iliunganishwa na Bunge la Wawakilishi na ikasahauliwa kwa zaidi ya miaka 40. Wazee wa siasa wanapoona Bunge la Kitaifa likiidharau Seneti hukumbuka hayo. Dharau yenyewe ipo, na imefikishwa hata mahakamani: Oktoba 29, 2020, Mahakama Kuu ilibatilisha sheria 23 ambazo Bunge la Kitaifa lilipitisha bila kuishirikisha Seneti, ingawa baadaye Mahakama ya Rufaa ililegeza sehemu ya uamuzi huo.

Hapa pia mzigo humwangukia yuleyule. Kila mwaka mabunge haya mawili huvutana kuhusu kiasi cha kupelekea kaunti. Mwaka wa 2019 Bunge la Kitaifa lilisema Sh310 bilioni, Seneti ikasema Sh335 bilioni, magavana wakaandamana Nairobi, na mwishowe zikawa Sh316.5 bilioni. Mwaka wa 2024, baada ya Mswada wa Fedha kuondolewa kufuatia maandamano ya vijana, serikali ilitaka kushusha Sh400 bilioni zilizokuwa zimekubaliwa hadi Sh380 bilioni. Kamati ya upatanishi, yenye wanachama sawa kutoka kila bunge, ikafikia Sh387.4 bilioni. Sasa fikiria hali ya Kiongozi wa Wengi. Ni mtu wa serikali, na serikali inataka kupunguza. Ni seneta wa kaunti, na gavana wake pamoja na wauguzi wake wanataka kuongezewa. Anaketi kiti kimoja kwa makalio mawili, na nchi nzima inamtazama ataegemea lipi.

Sijui kama ningemwonea huruma. Analipwa, ana walinzi, ana ofisi yenye zulia. Lakini nimemwona akipita kati ya viti huku kengele ikilia, akimshika mkono seneta aliyekwisha kukunja makaratasi yake, akimnong'oneza, akimbembeleza aketi dakika tano zaidi. Nimeona pia seneta akitikisa kichwa na kuondoka.

Binamu yangu amepandishwa cheo tangu wakati huo. Deni la duka aliliisha, la chama cha akiba na mikopo lilichukua miaka miwili. Hajawahi kufika Nairobi kuona Seneti, wala hataki. Lakini kila mwaka Juni ikikaribia, na magazeti yakianza kuandika juu ya fedha za kaunti, ananitumia ujumbe alasiri nikiwa roshanini. Siku hizi haniulizi tena kama tumepiga. Anauliza, "Kaka, leo wako wangapi?"

Huwa nasubiri kengele inyamaze ndipo nimjibu.